Noti mbili za elfu kumi: Zanzibar na pencheni ya wazee wake

Ilikuwa Aprili 2016, asubuhi, kwenye uwanja wa skuli moja ya kaskazini ya Pemba. Mvua ya masika ilinyesha usiku kucha, na madawati waliyotolewa wazee yalikuwa bado maji matupu, kwa hiyo wengi walisimama wakiegemea bakora zao au mabega ya wajukuu. Bibi yangu alikuwa na kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki aliouzungushia fundo mara mbili. Alikuwa ameamka tangu alfajiri kukitafuta, akakikuta chini ya godoro alikokiweka mwenyewe.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anaita jina. Anayeitwa anasogea mezani, anatazamwa uso, inatazamwa picha, anachovya dole gumba kwenye wino na kulibonyeza kwenye karatasi. Kisha anapewa noti mbili za elfu kumi. Bibi alipozipokea alizigeuza upande wa pili kama anayetafuta maandishi.

"Hizi narejesha lini, mwanangu?"

"Hazirejeshwi, bibi. Zako."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao unakuja tena, Mungu akitujaalia."

Njiani kurudi hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye mwembe wa njia panda. Hapo akasema, "Wameanza kunilipa." Nikamuuliza wanamlipa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Karafuu," akasema.

Nilicheka. Mimi kazi yangu ni kuandika hesabu za watu, na katika hesabu ninazozijua, posho ya mzee asiyechangia mfuko wowote haiandikwi kama malipo ya deni. Lakini kauli ile imenikaa. Kila ninapokaa nikapanga upya namna serikali ya visiwa hivi ilivyopata pesa ya kuwatunza watu wake tangu 1964, namwona bibi yuko karibu zaidi na ukweli kuliko mimi.

Kwanza tuelewane mpango wenyewe ulivyo. Pencheni jamii, kama tunavyoiita, ilianza mwezi huo wa Aprili 2016, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein. Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 analipwa na Serikali ya Mapinduzi, na kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Haulizwi kama ana mtoto Muscat anayemtumia pesa. Haulizwi kama alikuwa mkurugenzi au mchukuzi wa bandarini. Hakuna mchango aliokatwa ujanani. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ni jambo jingine kabisa: ule ni wa walioajiriwa wakachangia, na ndio uliojenga lile jengo la maduka la Michenzani. Mvuvi, mkulima, muuza urojo na mama wa nyumbani hawamo mle. Hao ndio wengi wetu.

Mashirika ya nje yalisaidia kwa ushauri, na Sera ya Hifadhi ya Jamii ya 2014 iliandikwa kwa msaada wao, lakini zile noti mbili zilitoka kwenye kodi na mapato ya Zanzibar yenyewe. Na tazama wakati wake. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 huku chama kikuu cha upinzani kikisusia. Siku nane baadaye shirika la Marekani la MCC likasimamisha mpango wa msaada wa zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania, na uchaguzi huo ukatajwa miongoni mwa sababu. Wiki chache tu baada ya hapo wazee wakapanga foleni. Wako waliosema ile ni sukari ya kulainishia dawa chungu. Huenda. Mimi naona sera ilikuwa imeshaandikwa miaka miwili kabla, na sukari ya siasa kwa kawaida hutolewa kabla ya kura, si baada yake. Lakini sitamgombeza mtu wa Pemba aliyeona vingine, maana yeye anayo kumbukumbu ndefu.

Hesabu ya mzigo

Watu wengi wakisikia serikali inawalipa wazee wote, wanadhani hazina itakauka. Tupige hesabu. Walioandikishwa mwanzoni walikuwa elfu ishirini na kitu. Tuchukue 25,000 ili hesabu iwe nyepesi. Mara 20,000, mara miezi 12, unapata shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Bajeti ya Zanzibar ya 2016/17 ilikuwa zaidi kidogo ya bilioni 840. Kwa hiyo pencheni ya wazee wote wa nchi haikufika hata shilingi moja katika kila mia ya bajeti.

Baadaye, chini ya Rais Hussein Mwinyi, kiwango kilipandishwa hadi 50,000. Kwa wazee wale wale 25,000 hiyo ni bilioni 15. Bajeti ya 2024/25 ilipita trilioni 5.1. Maana yake posho imepanda mara mbili na nusu, lakini sehemu yake katika bajeti imeshuka hadi karibu senti thelathini katika kila shilingi mia.

Hapo mhasibu ndani yangu ananikanya. Bajeti si mapato. Katika hizo trilioni mna mikopo ya barabara, bandari, viwanja vya ndege na hospitali, na pesa ya mkopo huwezi kumpa mzee akanunulie mchele. Pencheni inataka pesa inayoingia kila mwezi bila kudaiwa. Zanzibar haina benki kuu yake, haichapi noti, na katika misaada na mikopo ya kibajeti inayopitia Muungano fungu lake lililozoeleka ni asilimia 4.5. Ikikosa, imekosa. Kwa hiyo swali la kweli si kama bilioni 15 ni nyingi. Swali ni kila mwezi zinatoka kwenye chungu gani, na chungu hicho kinajazwa na nani.

Chungu cha kwanza

Kwa miaka ishirini ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964 jibu lilikuwa moja: karafuu.

Babu alipewa eka tatu. Wengi walipewa eka tatu tatu baada ya ardhi kutaifishwa, na kwenye zile za babu kulikuwa na mikarafuu ya zamani, mirefu, iliyopandwa na watu ambao mifupa yao ilishaoza. Msimu ukifika skuli zinafungwa na watoto wote wanapelekwa kuchuma. Bibi anajua kazi hii vidoleni mpaka leo. Unavuta tawi kwa kamba, unakata kishada chote pamoja na makonyo, unajaza pakacha. Jioni mnakaa sebuleni na taa ya mafuta mnachambua, karafuu huku, makonyo huku, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu inaingia kwenye nywele. Mchumaji analipwa kwa pishi. Kisha majamvi, na jua, na hofu ya mvua: wingu likionekana upande wa Wete nyumba nzima inakimbia uani. Karafuu iliyonyeshewa inafura na kupauka, ikifika kituoni inashushwa daraja.

Kituoni mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali. Bei ilipangwa Unguja. Mkulima akalipwa sehemu ndogo ya kile ambacho ulimwengu ulilipa, na ulimwengu, hasa Indonesia iliyokuwa ikiitia kwenye sigara zake za kretek, ulilipa vizuri sana katika miaka ya 1970. Kilichobaki kati ya bei ya kituoni na bei ya melini kilikuwa ni kodi, ila haikuitwa kodi. Hakuna aliyeandikiwa risiti ya kodi. Bibi hajawahi kujaza fomu ya mapato maishani mwake, na kama ungemwambia yeye ni mlipakodi mkubwa angekuuliza kama umekula.

Pesa hiyo ilifanya kazi kweli. Elimu ilitangazwa bure mwaka 1964, matibabu bure mwaka 1965. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zikafunguliwa kwa wasio na jamaa. Majumba ya Michenzani yakainuka, kwa michoro ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki, marefu kama meli zilizopanda nchi kavu. Mwaka 1973 tukawa na televisheni ya rangi wakati Tanganyika haina hata ya nyeusi na nyeupe. Ukiziweka pamoja huduma hizi unapata dola ya ustawi, kuanzia utotoni mpaka uzeeni, iliyojengwa na nchi ya watu laki chache juu ya zao moja.

Sasa uliza nani alilipa na nani alipata. Sehemu kubwa ya karafuu ilitoka Pemba. Majumba yale yako Unguja. Skuli na vituo vya afya vilifika Pemba pia, nisiseme uongo, lakini mkulima wa Konde au Mtambile aliona pishi zake zinapanda meli na hakuona chote kinarudi. Hii si hadithi ya chuki. Ni mizani, na mizani ya Pemba imekuwa ikisomwa hivyo nyumbani kwa watu kwa miaka mingi. Wengine walijisomea kwa vitendo: jahazi la usiku kuelekea pwani ya Kenya, ambako mnunuzi alitoa zaidi. Magendo ya karafuu yalikuwa kosa zito mno, na bado watu walivuka.

Tatizo la kodi ya namna hii si uonevu peke yake. Inaua mti. Mkulima asiyeona faida hapandi mche mpya. Babu aliacha mikarafuu ileile aliyoikuta. Uliokufa ulikatwa kuni. Wakati huo Indonesia ilikuwa inapanda kwa maelfu kwa maelfu, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imejitosheleza. Mnunuzi wetu mkubwa akawa muuzaji. Bei ikaanguka vibaya, na serikali iliyokuwa imezoea kula kutoka chungu kimoja ikakuta moshi tu.

Hakuna aliyesimama hadharani kutangaza kwamba matibabu si bure tena. Neno "bure" lilibaki mahali pake. Kilichoondoka ni dawa. Mishahara ya walimu na wauguzi ikaliwa na bei za dukani, wazazi wakaanza kuchangia chaki na madawati, na kufika miaka ya 1990 michango ikawa sera iliyoandikwa. Nilizaliwa katika kipindi hicho. Nakumbuka mama akitumwa na daktari kwenda kununua sindano duka la nje, arudi nayo, ndipo nichomwe. Sindano ilikuwa bure kwa mujibu wa sheria.

Kwa nini wote, na kwa nini sabini

Nirudi kwenye pencheni. Uamuzi mkubwa uliofanywa ni kuwalipa wote badala ya kuwatafuta maskini. Bara na visiwani TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilikuwa tayari inaendesha mpango wa kunusuru kaya maskini, na mpango ule unachuja: jamii inataja kaya, fomu inajazwa, hesabu ya mali inafanywa, wengine wanaingia na wengine wanabaki nje. Sina ugomvi nao. Lakini katika shehia yetu, nyumba yenye bati na nyumba yenye makuti zinakula muhogo uleule, na kuchagua maskini kati ya maskini ni kupanda fitna. Anayechaguliwa anasemwa, asiyechaguliwa ananuna, na sheha anakosa salamu.

Kwa pencheni swali ni moja: umefika sabini? Gharama ya kuchuja inakuwa ndogo sana. Tajiri mmoja wawili wanapata noti zao, ndiyo, lakini kumpeleleza tajiri huyo kungekula pesa nyingi kuliko noti zenyewe. Nimeona pia kitu ambacho hakimo kwenye karatasi za wachumi. Kwa kuwa wote wanalipwa, hakuna aliyeona aibu kupanga foleni. Mwalimu mkuu mstaafu alisimama nyuma ya mchuma nazi, na wakazungumza habari za mpira.

Umri wa 70 ndio uliofanya jambo liwezekane. Utumishi wa umma unastaafu kwa lazima ukiwa na 60. Kuanzia hapo mpaka 70 ni miaka kumi ya kujitegemea, na kwa mtu aliyepanda miti maisha yake yote hiyo ni miaka kumi mirefu. Lakini Zanzibar ni nchi ya watoto na vijana, wenye 70 ni wachache, na serikali ilichagua kuwalipa wachache wote kuliko wengi kwa kuchagua. Naunga mkono, kwa shingo upande kidogo.

Kwa shingo upande kwa sababu ya kaka yake bibi. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa 1950. Karani aliyemwandikisha alimtazama uso, akakisia, akaandika. Bibi anapinga kwa ushahidi: Princess Margaret alipokuja Zanzibar mwaka 1956, kaka yake alikuwa tayari anapanda mkarafuu na kushuka na pakacha limejaa. "Mtoto wa miaka sita anapanda mkarafuu?" anauliza, na hakuna anayemjibu. Kizazi kile hakikuzaliwa hospitali. Miaka yao imo kwenye matukio, haimo kwenye vyeti. Ukiweka mlango mmoja tu na ufunguo wake ni tarehe, basi anayeandika tarehe ndiye bawabu. Mzee alisubiri mpaka 2020.

Chungu cha pili

Baada ya karafuu ikaja bahari. Sheria ya kulinda vitega uchumi ilipitishwa 1986, Kamisheni ya Utalii ikaundwa 1992, Mji Mkongwe ukaingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Wageni kutoka nje walikuwa 538,264 mwaka 2019. Mwaka 2024 walifika 736,755, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa hadi hapo.

Chukua bilioni 15 za pencheni uzigawe kwa wageni hao. Unapata kama shilingi 20,400 kwa kila mgeni. Yaani kila Mtaliano anayeshuka kwenye ndege, kila Mpolandi, kila mtu wa Durban aliyekuja kufunga ndoa ufukweni, akiacha visiwani shilingi elfu ishirini na mia nne zikaingia hazina, wazee wote wa nchi wamelipwa mwaka mzima kwa kiwango kipya. Na elfu ishirini, kama utakumbuka, ndizo zile noti mbili za bibi. Mgeni mmoja, mzee mmoja, mwezi mmoja wa kiwango cha kwanza.

Hesabu hii inanifurahisha na kunisumbua. Inanifurahisha kwa sababu inaonyesha kwamba ukuaji wa uchumi unaweza kabisa kubeba ahadi hii. Inanisumbua kwa sababu mgeni si karafuu. Karafuu ilipita mlango mmoja, serikali ikakaa mlangoni. Pesa ya mgeni ina milango mingi na mingine haiko Zanzibar. Anayelipia likizo yake yote Milano, ndege, kitanda, chakula na kinywaji, amelipa Milano. Kinachofika Kiwengwa ni sehemu tu, na katika hiyo sehemu mna nyama kutoka bara, maji ya chupa, samani kutoka Dubai, na mikataba ya msamaha wa kodi aliyopewa mwekezaji ili aje. Mwanakijiji anayeuza pweza getini anapata chake, na kijana wa usalama anapata mshahara, lakini hazina inabaki kufukuzia hoteli kwa tozo: kodi ya kitanda, ada ya miundombinu, na kuanzia Oktoba 2024 bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni, inayouzwa na shirika la bima la serikali.

Wengine waliipigia kelele ile bima. Mimi niliiona kwa jicho la mkulima wa karafuu: serikali imerudi kukaa mlangoni. Tofauti ni kwamba safari hii anayebanwa hana eka tatu, na akichoka anaweza kwenda Mauritius. Bima si kodi, lazima ilipe madai, kwa hiyo sitaihesabu yote kama mapato. Hata hivyo inaonyesha serikali imejifunza kwamba pesa ya utalii isipokamatwa uwanja wa ndege ni vigumu kuikamata tena.

Tusijidanganye pia kuhusu huo ukuaji. Uchumi wa Zanzibar ulikua kwa asilimia 7.4 mwaka 2023, namba ya kujivunia. Lakini sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569, na ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Tumeongezeka kwa asilimia 45 katika miaka kumi, kama 3.7 kila mwaka. Karibu nusu ya ukuaji inaliwa na vinywa vipya kabla haijafika sahani ya mtu yeyote. Umaskini wa mahitaji ya lazima ulishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20. Umeshuka, ndiyo. Lakini Pemba bado iko nyuma sana ya Unguja, kwa sababu hoteli ziko Nungwi na Paje, na karafuu, hata baada ya serikali mwaka 2011 kuamua kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, haibebi tena nchi. Mara hii anayechangia chungu na anayekula wamebadilishana visiwa, na ndiyo maana pencheni inayomfikia mzee wa Konde kwa kiwango kilekile cha mzee wa Mjini ni moja ya njia chache sana ambazo pesa ya ufukwe wa Unguja inavuka mkondo kwenda Pemba bila kupita mkononi mwa mbunge.

Ninachokilalamikia ni kiwango kupandishwa kwa huruma. Kile cha 20,000 kilikaa palepale kwa miaka. Ukikadiria bei zinapanda asilimia 4 tu kwa mwaka, baada ya miaka mitano noti zile mbili zinanunua kitu cha shilingi 16,400. Bibi aliliona hilo kwenye sukari kabla yangu. Kupanda hadi 50,000 kulikuwa jambo kubwa, watu walipiga vigelegele, na kilikuja kama zawadi ya kiongozi. Malipo ya deni hayapaswi kuwa zawadi. Ningependa kiwango kifungwe na bei za soko kwa kanuni, kiwe kinapanda kidogo kila mwaka bila hotuba, hata kama ingemaanisha 50,000 ingechelewa. Najua wanasiasa hawapendi kitu kinachopanda chenyewe. Hakina utepe wa kukata.

Afya imechukua njia nyingine. Mwaka 2023 ulianzishwa kwa sheria Mfuko wa Huduma za Afya, ukaanza na watumishi wa serikali wanaokatwa mchango. Kwa maneno mengine, baada ya miaka karibu sitini tumekiri kwamba "bure" ilihitaji mtu wa kuilipia. Mfuko wa michango unamfaa mwenye mshahara. Mvuvi atakatwa wapi?

Mwaka 2020 ndege zilisimama. Wageni walishuka hadi 260,644, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, na ukuaji ukawa asilimia 1.3. Binamu yangu alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli ya Nungwi, hajaandikiwa mkataba, hakatwi ZSSF, na miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akimtumia bibi elfu kumi kwa simu kila msimu unapokuwa mzuri. Hoteli ilifungwa Machi. Mwenye nyumba alimpa mwezi mmoja.

Pencheni haikusimama. Mwezi wa Mei bibi alinipigia akaniambia niende kwa wakala nimtumie kijana nauli ya boti arudi nyumbani, atanilipa yeye. Nikamwambia, bibi, mimi nitamtumia, weka pesa yako. Akakataa. Nilipokwenda Pemba mwezi uliofuata, alikuwa amenifungia kwenye pembe ya kanga noti mbili za elfu kumi, na binamu alikuwa juu ya mkarafuu wa babu, anakata matawi makavu.